Unataka Msee wa Mtaa Wako Apate Tuzo ya Amani? Cheki Vile Majina Hupendekezwa

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, mtandao hujaa posti za aina moja: "Fulani ameteuliwa kuwania Nobel!" Picha ya suti, emoji za makofi, watu kibao wanaandika hongera. Ukicheki vizuri unapata huyo msee hajashinda kitu. Kamati ya Oslo yenyewe haijataja jina lake popote. Kilichofanyika ni kwamba mtu mmoja mahali fulani alijaza fomu.

Hapo ndio wengi huchanganya. Kupendekezwa ni jina lako kuingia kwenye rundo. Kushinda ni story ingine kabisa. Lakini usidharau hiyo fomu, juu hakuna mshindi wa Nobel amewahi kupita bila mtu kumpendekeza kwanza.

Kuna mambo mawili wasee wengi hawana rada nayo. Moja, ziko tuzo kubwa za amani ambazo wewe, bila cheo na bila digrii, unaweza kuweka jina la mtu. Mbili, tuzo hizi hupewa watu walio hai. Sisi tumezoea kumwaga sifa kwa matanga, spika zikipiga kelele na mheshimiwa akishika maiki. Ikifika hapo, umechelewa. Kama kuna mtu ametuliza mtaa wenu, apewe maua yake saa hii.

Hii hapa form yote, hatua kwa hatua.

Tuanze na ile kubwa: Nobel

Alfred Nobel alikuwa msee wa Sweden aliyevumbua baruti ya dainamaiti na akaomoka nayo. Mwaka wa 1895 aliandika wosia kwamba mali yake itumike kutoa tuzo kila mwaka. Alikufa Desemba 10, 1896. Tuzo zingine hutolewa Stockholm, Sweden, lakini ile ya amani aliwaachia watu wa Norway. Inaamuliwa na kamati ya watu 5 wanaochaguliwa na bunge la Norway, na hutolewa Oslo kila Desemba 10, siku aliyokufa.

Ya kwanza ilitoka 1901. Waligawana wawili: Henry Dunant wa Uswisi, mmoja wa waanzilishi wa Msalaba Mwekundu, na Frédéric Passy wa Ufaransa. Siku hizi mshindi huondoka na medali ya dhahabu, cheti na doo. Mwaka wa 2025 pesa zilikuwa krona milioni 11 za Sweden. Tuzo moja inaweza kugawanywa mara tatu, haizidi hapo.

Nani anaruhusiwa kupendekeza jina Nobel?

Hapa ndio kuna noma kidogo, juu si kila mtu. Wanaokubaliwa ni:

- Wabunge wa nchi, mawaziri na marais
- Majaji wa mahakama ya kimataifa ya haki kule The Hague, na wanachama wa mahakama ya kudumu ya usuluhishi
- Maprofesa na maprofesa washirika wa historia, sayansi ya jamii, sheria, falsafa, theolojia na dini
- Wakuu wa vyuo vikuu
- Wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa amani na za sera za nje
- Watu waliowahi kushinda tuzo yenyewe, na bodi za mashirika yaliyoshinda
- Wanakamati wa sasa na wa zamani, na waliowahi kuwa washauri wa kamati
- Wanachama wa chama kimoja cha zamani cha wanasheria, na bodi ya kimataifa ya chama kingine cha zamani cha wanawake wa amani

Sasa tulete hii kitu nyumbani. Mjengoni Nairobi tuko na wabunge 349 na maseneta 67, ukiwaacha maspika. Hao wote wanaruhusiwa. Rais na mawaziri pia. Lakini gavana wako hayumo, na MCA wako hayumo, juu sheria inasema bunge na serikali ya nchi. Kwa campo, VC anaweza, na profesa wa historia anaweza. Lec wa kawaida ambaye hajafika kiwango cha profesa mshiriki hawezi, hata kama ndiye anajua story yote ya amani ya kaunti yenu.

Na hakuna kujipendekeza. Ukijaza jina lako mwenyewe, hiyo fomu inaenda kwa takataka.

Kwa hivyo kama unataka jina lifike Oslo, kazi yako ni kumtafuta mmoja wa hao na kumpa faili iliyokamilika. Mbunge hatakaa chini kukuandikia utafiti. Lakini ukimletea kurasa mbili safi zenye ushahidi, umemrahisishia kazi.

Kalenda yao iko hivi

Siku ya mwisho kupokea majina ni Januari 31. Ukichelewa, jina lako linasukumwa hadi mwaka unaofuata. Kamati ikikutana mara ya kwanza baada ya hapo, wanakamati wenyewe wanaweza kuongeza majina. Halafu wanachuja hadi wabaki na listi fupi, kawaida kati ya 20 na 30. Washauri wao wanachimba maisha na kazi ya kila mmoja kwa miezi kadhaa. Mapema Oktoba kamati inaamua, wakikosa kukubaliana wanapiga kura, na mshindi anatangazwa siku ya Ijumaa.

Hiyo tarehe ya mwisho huleta vituko. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Kogelo, aliapishwa Januari 20, 2009. Mwaka huo siku ya mwisho ilikuwa Februari 1. Yaani fomu zikifungwa, jamaa alikuwa na siku 12 ofisini, na Oktoba akashinda. Mpaka leo watu hubishana.

Ushindani nao si wa kucheza. Mwaka wa 2016 majina yalifika 376, rekodi ya tuzo hiyo. Mwaka wa 2025 yalikuwa 338, watu 244 na mashirika 94, na aliyebeba ni mmoja tu: María Corina Machado wa Venezuela.

Mbona "kupendekezwa" haimaanishi kitu sana

Cheki hii. Mwaka wa 1939 mbunge mmoja wa Sweden alipendekeza Adolf Hitler. Alikuwa anafanya kejeli, watu hawakuelewa mchezo, na akaondoa barua yake. Joseph Stalin naye alipendekezwa 1945 na 1948, na huyo hakuwekwa kwa utani. Kamati haiwezi kuzuia mtu mwenye ruhusa kuandika jina analotaka. Wanachoweza ni kulitupa nje baadaye.

Upande ule mwingine yuko Mahatma Gandhi. Alipendekezwa 1937, 1938, 1939, 1947 na 1948. Hakushinda hata mara moja. Mwaka wa 1948 aliuawa Januari 30, siku chache tu baada ya jina lake kuingia. Mwaka huo kamati haikumpa mtu yeyote, ikasema hakuna mgombea anayefaa aliye hai. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipewa 1961 akiwa ameshakufa, lakini tangu 1974 sheria imefunga huo mlango. Mtu akifa kabla ya kutangazwa, basi.

Pia kuna siri. Kamati haitaji majina ya waliopendekezwa kwa miaka 50. Haiambii waandishi, wala haimwambii mgombea mwenyewe. Ukisikia "fulani amependekezwa", jua aliyepiga hiyo kelele ni aliyemwandika au ni yeye mwenyewe. Kwa mfano, MYSA, lile shirika la michezo la vijana lililoanza Mathare 1987, limekuwa likisema lilipendekezwa 2003 na 2004. MYSA ndio wale walifanya timu za mtaa zipate pointi za ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa takataka, si kwa mabao peke yake. Lakini ukitaka kuona karatasi zenyewe za Oslo, itabidi ungoje hadi miaka ya 2050.

Ndio maana ukipata imeili inasema "Hongera, umeteuliwa Nobel, tuma ada ya usajili", hao ni wakora. Kamati haiandikii wagombea na fomu haina malipo.

Tuzo ambazo wewe mwenyewe unaweza kuandika jina

*Right Livelihood.* Hii wengine huiita Nobel mbadala, ingawa si ya familia moja. Ilianzishwa 1980 na Jakob von Uexkull, jamaa aliyekuwa mfanyabiashara wa stempu za posta. Aliwaendea watu wa Nobel akitaka waongeze tuzo za mazingira na umaskini, wakakataa. Akauza stempu zake za bei, akaanzisha yake. Makao yake ni Stockholm. Mtu yeyote anaweza kupendekeza, ila hairuhusiwi kujiandika, kuandika ndugu wa karibu au shirika lako mwenyewe.

Sasa sikia hii. Wangari Maathai alipata Right Livelihood 1984, miaka 7 tu baada ya kuanzisha Green Belt Movement. Hiyo ilikuwa kabla ya 1989, alipopigania Uhuru Park isijengwe ghorofa 60, na kabla ya 1999, alipopigwa akitetea msitu wa Karura. Nobel ilimfikia 2004, miaka 20 baadaye, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, anayetibu wanawake walionajisiwa vitani, alipata Right Livelihood 2013 na Nobel 2018. Ales Bialiatski wa Belarus alipata ya kwanza 2020 na ya pili 2022 akiwa jela. Hakuna anayesema moja huzaa nyingine. Lakini unaona kwamba mlango uliofunguliwa kwa watu wa kawaida umewahi kuwaona watu mapema kuliko ule wa wakubwa.

*Aurora.* Ilianza kutolewa 2016 na ina mizizi Armenia. Inaheshimu watu waliohatarisha maisha kuokoa wengine. Tangu mwanzo imepokea majina kutoka kwa mtu yeyote. Mshindi wa kwanza alikuwa jirani yetu, Marguerite Barankitse wa Burundi. Mwaka wa 1993, mauaji yalipochacha Ruyigi, alificha watoto wa makabila yote mawili, kisha akajenga Maison Shalom iliyolea maelfu ya mayatima. Doo ya tuzo ni dola milioni moja, na nyingi mshindi huzipeleka kwa mashirika anayoyachagua.

*Tuzo ya Amani ya Watoto ya Kimataifa.* Hii ni ya wasee wa miaka 12 hadi 17, na hutolewa na KidsRights ya Uholanzi tangu 2005. Malala alipata 2013, mwaka mmoja kabla ya Nobel. Lakini 2009 ilimwendea Baruani Ndume, kijana mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Alikuwa anaendesha kipindi cha redio ambapo watoto wa kambi waliongea shida zao, na wengine wakaunganishwa na wazazi waliopotezana nao. Hakuwa na suti. Alikuwa na maiki na story za wenzake.

Kabla ya kujaza yoyote kati ya hizi, ingia kwa tovuti yao rasmi usome masharti ya mwaka huo. Tarehe hubadilika.

Dekha: mfano wa mtu wa kupendekezwa

Kama unajiuliza pendekezo kali linafaa kuwa na nini ndani, angalia Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 90, Wajir ilikuwa inachomeka. Ukame, mifugo kuibwa, koo zikiuana. Hata soko liligawanyika, mama wa ukoo huu hauziwi na yule.

Dekha alikuwa mama mchanga. Yeye na wamama wenzake walianza na kitu wanachokijua: soko. Walikubaliana kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo, na wakaweka kikundi cha kuangalia kama sheria inafuatwa. Kutoka hapo wakawavuta wazee, wakavuta vijana, wakaleta na gava mezani. Mwaka wa 1993 wazee walitia saini mkataba wa Al-Fatah. Ule mtindo wa kamati za amani ukaja kuigwa sehemu zingine za Kenya.

Right Livelihood ilimpa tuzo 2007. Wiki chache baada ya kuipokea, nchi iliwaka kwa sababu ya kura, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Dekha aliingia tena kazini, pamoja na wasuluhishi wengine kama Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Balozi Bethuel Kiplagat. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani, akiwa na miaka arobaini na kitu.

Hesabu mwenyewe. Aliyeandika jina lake angesema "wacha tungoje kidogo, bado ni mchanga", huenda ingekuwa ni hotuba za matanga tu.

Jinsi ya kuandika pendekezo lenye uzito

*1. Muulize kwanza.* Nobel haidai ruhusa ya mgombea, lakini mtaani hii ni lazima. Mtu anayekaa katikati ya magenge mawili au koo mbili anaishi kwa kuaminiwa. Siku upande mmoja utadhani anatafuta jina au pesa za wazungu, kazi yake imeisha, na anaweza kuumizwa. Akisema hapana, achana nayo.

*2. Sema alichofanya, si vile alivyo.* "Ni mtu wa amani, ana roho safi" haimsaidii. Tuseme ni kocha wa mtaa. Andika: mwaka gani, mitaa gani ilikuwa ikipigana, alikaa na nani, walikubaliana nini, na baada ya hapo nini kilibadilika. Tarehe, mahali, idadi unayoweza kuthibitisha.

*3. Leta mashahidi wa pande zote mbili.* Hii ndio siri ya pendekezo kali. Kama wanaomsifu ni watu wa kabila lake, chama chake au kanisa lake pekee, hiyo ni kampeni. Barua moja kutoka kwa aliyekuwa adui ina uzito kuliko kumi za mabeste.

*4. Usifiche kasoro.* Watachimba. Kama makubaliano yalivunjika mwaka mmoja baadaye, andika, na useme alifanya nini yalipovunjika.

*5. Taja wenzake.* Amani haijengwi na mtu mmoja. Wakati mwingine anayefaa kupendekezwa ni kikundi kizima.

*6. Tuma mapema, weka kopi, nyamaza.* Usiposti. Kelele yako haiongezi alama, na inaweza kumletea huyo mtu shida mlangoni.

Mnataka kuanzisha tuzo yenu?

Si lazima iwe ya kimataifa. Grupu ya mtaa, chama, kilabu cha campo, hata mabeste wa online mnaweza kuwa na tuzo yenu ya amani. Kopeni sheria zinazofanya kazi: hakuna kujipendekeza, hakuna ndugu, tarehe ya kufunga inajulikana, kila jina linakuja na ushahidi wa maandishi, na aliyependekeza hakai kwa kamati.

Kitu kimoja cha kuepuka ni kura za laiki na SMS. Kura hizo hupewa mwenye wafuasi wengi au mwenye pesa ya kununua bando. Mpatanishi wa kweli mara nyingi amewaudhi watu wa pande zote, juu amewaambia wote ukweli. Kwa kura ya mtandao huyo huanguka mapema. Afadhali watu watano wanaoaminika, wa mitaa tofauti, wasome faili moja moja na waeleze walichoamua na kwa nini.

Maswali ya haraka

*Naweza kumpendekeza mathe wangu?* Right Livelihood, hapana, ni ndugu wa karibu. Tafuta jirani anayejua kazi yake amwandike.

*Shirika linaweza kushinda Nobel?* Ndio. Mwaka wa 2024 ilienda kwa Nihon Hidankyo, chama cha Wajapani walionusurika mabomu ya nyuklia ya Hiroshima na Nagasaki.

*Jina likikosa mwaka huu, nifanye nini?* Ongeza ushahidi mpya, tuma tena mwaka ujao.

*Lazima niandike kwa lugha gani?* Tuzo hizi hupokea Kiingereza. Kama mashahidi wako wameongea Kiswahili au lugha ya nyumbani, hifadhi maneno yao vile walivyosema, halafu tafuta msee wa kutafsiri vizuri bila kupunguza wala kuongeza.

Kuanza hakuhitaji bando kubwa. Chukua karatasi, andika jina moja, chini yake andika mambo matatu aliyofanya ambayo watu wawili wasiopatana wanaweza kuthibitisha. Ukishindwa kufika matatu, jina hilo bado halijaiva. Ukifika, nenda ukamwulize mwenyewe wikendi hii, akiwa bado yuko.